Nilimumalizia Binti Yangu Sura ya Mama Yake

Nilikosa. Musinitafutie sababu, minye mwenyewe nimetafuta, sikuipata.

Ninapaka maboti rangi pale bandarini Kalundu. Masomo niliachia mwaka wa pili, lakini nyumba yetu ya kule Nyamianda nilijenga kwa mikono hii. Kwetu mafundi, boti haionyeshwi watu mpaka imeisha. Boti nusu ni aibu!

Mama ya watoto alikufa. Halafu maji ya mvua ikaingia ndani, ikabeba picha zake. Hata moja haikubaki!

Binti yetu akaanza kumuchora kwa kukumbuka tu. Kila kipande anapiga foto, anaweka kwenye mutandao. Waliomujua marehemu wanamuandikia. Mama mudogo wake wa Bujumbura akasema, "Shavu la kushoto lilikuwa na kishimo." Binti akafuta, akarudilia. Ikabaki mudomo tu kuchora.

"Papa, mudomo wa mama ulikuwa namna gani?"

"Malizia, uache kututia haya!"

Basi pale bandarini wenzangu wakaona ile foto, wakanicheka: "Muzee, bibi yako siku hizi hana mudomo! Kumbe nyumbani mumepata amani!"

Nikarudi na hasira. Binti hakuwepo. Nikachukua burashi na rangi ya boti, nikapaka mudomo. Nikaona macho yamefifia, nikayakaza na nyeusi. Nikamaliza. Nikajisifu, mujinga minye!

Akaingia, akaangalia sana.

"Papa, huyu ni nani?"

"Mama yako. Weye ulishindwa."

"Hapana, Papa. Huyu ni wa kwenye maboti."

Kweli. Miaka yote ninapaka mwanamuke yule yule ubavuni mwa boti: mudomo mwekundu, macho makubwa. Na rangi ile haifutiki.

Nilimuambia aanze upya. Hakulia, hakunitukana.

"Siwezi. Nikifunga macho ninaona huyu wako."

Hajachora tena. Burashi zake zimekauka dirishani.

Wazee, mutoto akiwaonyesha kazi haijaisha, mikono iwe mufukoni. Kama munajua kitu, mumuambie. Minye nilikula na ule mudomo meza moja, nikagombana nao, ukanicheka. Niliulizwa mara moja tu!

Sasa ninajaribu kuukumbuka. Inakuja nyekundu ya boti.

Foto ya mwisho aliyopiga mbele sijaigusa ile sura iko bado kwenye telefone ya binti. Nikiomba, ananifungulia. Mama yake yuko pale, bila mudomo. Huyo ndiye.