Lori Lisilotimua Vumbi

Kabla ya lami, lori halikuweza kukujia kimyakimya Isiolo. Likiwa bado mbali upande wa kaskazini ungeliona vumbi lake likipanda, na mama yangu alijua kulisoma. Marehemu baba alikuwa akileta mifugo kutoka Moyale. Mama alisimama mlangoni, akatazama lile vumbi, akasema huyo ni yeye, kisha akabandika chai. Mara nyingi hakukosea. Sisi watoto tulivuka barabara kwa sheria hiyo hiyo: vumbi likiwepo ngoja, lisipokuwepo pita.

Lami ilipofika tulishangilia, na hata leo sitaisema vibaya yote. Kikohozi kimepungua, na wagonjwa wa huko juu wanafika hospitali wangali hai. Lakini waliojenga walisahau kwamba Mungu alitupa miguu. Pembeni mwa lami wametuachia ukanda mwembamba wa kokoto, na hapo tunabanana watu, mbuzi, bodaboda na punda wa kubeba maji.

Kisha mama akapatikana na sukari. Daktari akamwagiza atembee kila siku, tena kwa bidii, la sivyo kidonda kilichokuwa kwenye mguu wake kingeweza kumfikisha pabaya. Aliposema pabaya aliutazama mguu wenyewe, nami nikaelewa. Kwetu mtaani Bulla Pesa ploti zimeshikana, huwezi kunyoosha mkono usiguse kamba ya nguo ya jirani. Mahali pa kutembea ni uwanja ulio ng'ambo ya barabara kuu.

Asubuhi ya kwanza nilimsindikiza. Akasimama ukingoni, akakaza macho kaskazini, akashuka kwenye lami. Lori lilikuwa pale pale, limejaa barabara nzima. Nilimvuta kwa jilbabu yake tukaanguka kwenye kokoto, na upepo wa matairi ukatupiga usoni. Nilikuwa bado nimemshikilia. Yeye alikuwa anajikung'uta nguo.

"Hooyo! Mama, hukuona lori?"

"Mimi niliangalia," akasema, kama mimi ndiye mjinga. "Hakuna vumbi."

Hapo ndipo woga uliponiingia sawasawa. Sukari ilikuwa imeshamla macho, na kwa mbali hakuona ila ukungu. Lori hakulitafuta kabisa. Alitafuta vumbi, kama alivyofanya maisha yake yote, na ile lami haikuwa na la kumwonyesha.

Nilikwenda kwenye baraza la chifu kuomba matuta barabarani. Afisa mmoja mgeni akatueleza kwa upole kwamba hiyo ni barabara ya biashara, magari hayawezi kusimamishwasimamishwa. Nikamwuliza wanaotembea wapite wapi. Akasema tuwe waangalifu. Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira, na kwa sababu sikuwa na wa kumkaripia, nikamkaripia mama. Nikamkataza kutoka bila mimi. Nina duka, sikuwa na nafasi kila asubuhi, kwa hiyo siku nyingi alikaa tu kitini akinitazama nikiondoka.

Tuliporudi kliniki sukari ilikuwa imepanda na kidonda kimechimba. Daktari aliuliza kama anatembea. Mama alininyooshea kidole. Usiku ule sikulala: nikifumba macho naona lori, nikiyafumbua naona mguu.

Asubuhi iliyofuata nikakuta kitanda chake kitupu na viatu havipo. Nilikimbia bila hata kujifunga mtandio vizuri. Njia nzima nilitega sikio nisikie honi, breki, kelele za watu. Sijawahi kuogopa vile, na naomba nisiogope tena hivyo.

Alikuwa amesimama ukingoni mwa lami. Malori yalipita, bodaboda zikapita, naye hakusogea. Nilimshika mkono. Huyu ndiye mwanamke aliyesafiri na baba juu ya lori la mifugo enzi zile njia ilipokuwa na majambazi, akitusimulia huku anacheka. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye.

"Nimeogopa," akasema. "Nimesimama hapa, sijui kama gari iko ama haiko. Nirudishe nyumbani."

Nilimrudisha taratibu, na hakuniuliza tena habari za uwanja.

Sasa anatembea ndani ya ploti, anazunguka tangi la maji, akiinama kupita chini ya nguo za majirani. Daktari anasema mwendo huo haumtoshi. Kidonda bado kipo, nami kila nikikisafisha nakichungulia kwa hofu. Geti letu ni la mabati na huwa limefungwa. Lakini kila akilifikia anasimama, anageuza uso kaskazini, anasubiri kidogo, ndipo anapita.