Chupa ya Mwenye Hayuko

Jana nilipanda mulima wa Kasha na kitunga tupu, nikashuka na kitunga tupu. Watu wa njiani walikuwa wananiangalia: huyu mumama muzee amebeba upepo? Waache waangalie. Nilikuwa nafuata mapera, rafiki yangu, na si mapera ya kutafuna njiani kama mutoto wa shule.

Hapa kwangu Ibanda, nyuma ya nyumba kubwa za watu, niko na kabati moja. Juu ya kabati iko chupa ya konfitiri, jamu ya mapera. Ni ya kijana wangu niliyemuzaa. Yeye ni dereva wa kamio, lori kubwa. Alipakia mizigo akaenda upande wa Minova, juma lile masasi ya bunduki yalianza kulia, na tangu pale ukiita telefone yake inajibu mwanamuke mwenye simujui, anasema kitu kilekile kila siku. Chupa nilimufungia mimi mwenyewe, kwa nta, na mapera ya mwisho niliyopata sokoni. Juma hili nta imepasuka. Nilipanda juu ya kiti nikanusa, nikasikia uchachu. Pembeni ukungu umeanza kuota, mweupe kama ndevu. Nilijua nisipopata mapera mapya ya kupika ingine, ile itaoza. Na kwetu chupa ya mwenye hayuko haiachwi ioze. Haifunguliwi ovyo pia. Kaa hapa nikueleze tulitoa wapi mambo haya.

Bibi yangu, mama ya papa, alikuwa na parsela, kiwanja chake, Kasha, kwenye mutelemko, fasi ambapo ukiangusha limau inakwenda kulala kwa jirani. Miti ya mapera ilizunguka nyumba kama ukuta. Hakuna mutu aliyeipanda. Ndege walikula, ndege wakanya, miti ikaota. Mapera yakiiva, harufu iliingia hadi ndani ya blanketi. Ulikuwa unaamka na njaa tayari.

Konfitiri alijifunzia jikoni kwa masista, alipokuwa musichana akiwafulia nguo. Masista walipika ya kwao nyembamba, inamwagika kwenye mukate. Bibi akasema ile ni supu. Ya kwake alipika mpaka inakuwa nzito na nyekundu kama udongo wa kwetu baada ya mvua. Mimi sikukaa sana shuleni, lakini hii naijua kuliko sala. Unakata mapera, unatia maji kidogo tu, unayachemsha mpaka yanajisahau. Unayapondaponda, unayasukuma kwenye chujio mpaka mbegu zinabaki peke yake kama changarawe. Kisha unarudisha moto, na sukari, na ndimu, na unakoroga. Unakoroga. Bega linauma, unakoroga. Inarukaruka, inachoma, angalia mukono wangu, haya madoa si ugonjwa, ni utoto wangu. Unajuaje imeiva? Ukivuta muiko, chini ya sufuria inafunguka njia, na njia ile haifungiki haraka. Bibi alisema, “Konfitiri haipendi mutu wa mbio. Mutu wa mbio akapike mayai.”

Siku ya kupika, kartie nzima, mutaa wote, ilijua. Moshi wa mafiga uliteremka na harufu mpaka kwa wamama waliokuwa wanapanda kutoka ziwani na samaki wadogo wa sambaza kichwani. Nyigu walikuja, watoto walikuja. Mwalimu wetu alipitaga kama kwa bahati, na kipande cha mukate tayari mufukoni. Bibi alimuangalia mufuko, akasema, “Karibu, mwalimu. Naona mukate wako umekuleta.” Na alimupakia. Hakunyima mutu.

Isipokuwa chupa moja.

Chupa ya kwanza kujaa, ile ya juu kabisa ya sufuria, ilikuwa ya mwenye hayuko. Hii hakuitoa kwa masista, hii ilitoka kwa wazee wake, waliokuwa wanaweka fungu la bugali kwa mutu aliye safarini. Yeye alibadilisha bugali kwa konfitiri sababu bugali linalala siku moja, konfitiri inangoja. Aliijaza ingali moto, akamwaga nta juu, akaifunga na jani la mugomba lililokauka, akaiweka juu, karibu na musalaba. Ilikaa pale mwaka. Mapera yakirudi, alipika, alifunga chupa mupya ya mutu yule, na kisha tu, lakini kisha tu, tulikula ile ya zamani. Ya zamani haitoki kama mupya haijaingia. Fasi ya mutu haikai wazi. Ukiifungua bila kuweka ingine, umesema kwa mikono yako kwamba umeacha kumungojea, na hapo unaita majirani, mnakula pamoja, mnalia.

Kwetu mwenye hayuko alikuwa papa. Alikwenda Kamituga kuchimba zahabu, akasema atarudi kabla mapera haijaiva. Hakurudi. Nakuambia mapema ili usikae unangoja kama sisi.

Jirani yetu, mumama mwenye mudomo kama wembe, alipenda kusimama kwenye ua wakati bibi anafunga ile chupa.

“Bado unapikia marehemu?”

Bibi hakugeuka hata. “Basi marehemu wangu anakula vizuri kuliko bwana yako.”

Tulicheka mpaka chini. Jirani naye alicheka, akaleta sahani yake. Ndivyo ilikuwa. Watu walichomana na maneno kisha wakapakiana mukate.

Halafu ikaja mvua ya mawe. Sisi watoto tulikimbia kuokota barafu tutie mudomoni, tukidhani ni sikukuu. Bibi alisimama mulangoni, mikono kichwani. Ilipoacha, maua yote ya mapera yalikuwa chini, yamelala kwenye matope kama mafuta ya nguruwe. Mihogo imepondwa, maharagi imepondwa. Mwaka ule tulijifunza kulala mapema. Mutoto mwenye amelala haombi.

Musimu ulifika, mapera hayakufika. Chupa ya papa ilikuwa juu, karibu na musalaba, na sisi tuliijua kila mutu kwa macho yake. Mudogo wangu alipiga magoti kusali na alikuwa anaisali ile.

Mama yangu alivumilia, kisha siku moja akasema. Alisema kwa heshima, alikuwa muke wa nyumba, lakini alisema.

“Mama mukwe, tufungue. Watoto wameisha.”

“Na papa yao?”

“Akikuya atanipiga mimi, haitakuwa wewe. Akikuya! Basi akuye anipige, nitafurahi.”

 Sisi tulikuwa chini ya meza, hatupumui. Niliona miguu ya bibi imeshika ardhi kama mizizi. Halafu ile miguu ikaenda, ikapanda kiti. Chupa ikashuka. Mudogo wangu akanifinya mpaka damu.

Bibi alivunja nta. Alikwangua ukungu akatupa. Akamimina konfitiri ya papa ndani ya sufuria ndogo, akatia maji na ndimu, akaweka motoni. Akaanza kukoroga.

Mama yangu hakuelewa. “Unafanya nini?”

“Sina mupya. Basi ya zamani iwe mupya.”

Aliipika tena, rafiki yangu, konfitiri iliyokwisha kupikwa! Ilipunguka mbele yetu. Ilitoka nyekundu ikawa nyeusi, ikanusa sukari iliyoungua. Akalamba muiko? Hapana. Hakuonja, hakuturuhusu. Ilipokuwa tayari haikujaza chupa yake. Alitafuta chupa ndogo zaidi, akaifunga, akairudisha juu. Mama yangu alitoka nje, akakaa kwenye jiwe la kufulia, akalia bila sauti, mabega tu.

Halafu bibi alimwaga maji ya moto ndani ya ile sufuria chafu, akasugua na muiko, akachemsha, akatugawia ndani ya vikombe. Maji ya rangi ya waridi, vuguvugu, tamu kwa mbali kama mutu anakuita kutoka ngambo ya bonde. Akasema, “Hii ni yenu. Haikuwa ndani ya chupa.” Mama yangu alikunywa pia. Alikunywa akamuangalia bibi juu ya kikombe, na sijaona tena watu wawili wanaochukiana na kupendana namna ile.

Mwaka uliofuata miti ilichanua mpaka matawi yakagusa chini. Bibi alijaza tena chupa kubwa ya papa, na siku hiyo tulikula ile ndogo nyeusi. Ilikuwa chungu kidogo. Tuliila kimya kama komunyo.

Chupa ya papa ilirudi vile mwaka kwa mwaka, kubwa, imejaa, hadi bibi alipokufa. Kilioni mama yangu alipanda kiti mwenyewe. Aliishusha chupa ya papa, akaiweka katikati ya watu, akavunja nta. Hakukuwa na mupya ya kuweka. Kila mutu alijua maana yake. Yule jirani wa mudomo wa wembe ndiye alianza kulia, kabla yetu. Tulimulilia bibi na tulimulilia papa, vilio viwili kwenye mukeka mumoja, na konfitiri ilikuwa tamu sana. Hilo ndilo lilinikera. Ilikuwa tamu sana.

Sasa unajua nilifuata nini Kasha.

Nilianza na soko, usidhani mimi ni mujinga. Mumama wa matunda aliniambia njia za juu hazipitiki, matunda inaozea kwa wakulima. Alibaki na mapera machache, funza walikuwa wametangulia. Ndipo nikasema, miti ya bibi haihitaji njia ya kamio.

Parsela sikuitambua. Nyumba juu ya nyumba, mabati yanagusana, mutelemko umekatwa na korongo, na korongo imekula fasi ya mafiga yetu. Nilizunguka mpaka musichana mumoja, mutoto mugongoni, alitoka.

“Maman, unatafuta nani?”

“Natafuta muti.”

“Muti gani?”

“Wa mapera. Ilikuwa mingi hapa.”

“Aaa, ile! Ilibaki moja. Tuliipikia maharagi. Makala ya kuwasha moto haifiki tena huku, maman, tungefanya namna gani?”

“Na maharagi yaliiva?”

Akacheka, aibu ikamushika. “Hata. Muti ilikuwa mubichi. Moshi yake ilitutoa tu machozi.”

Nilitaka kumutukana. Niliangalia mutoto mugongoni kwake, nywele zimegeuka nyekundu kwa njaa, nikakosa tusi. Alinipa kiti, akaniletea maji. Aliniuliza kama nilikuwa mwenye parsela na nimekuya kumufukuza. Nikamuambia hapana, mimi nilikuwa napita. Aliniaga na “Mungu akusaidie, maman,” na nikashuka na kitunga changu cha upepo.

Nyumbani mujukuu wangu alikuwa ananingoja mulangoni. Ni binti ya kijana wangu. Mama yake yuko ziwani anauza sambaza, akirudi anarudi na zile ambazo hazikuuzwa. Mutoto aliangalia kitunga, akaangalia juu ya kabati.  Watoto wa sasa wanajifunza mapema kutosema, na mimi hiyo inaniua kuliko masasi. Mwishowe alisema.

“Koko, kama tukikula, na papa akirudi, atakasirika?”

“Akirudi, akasirike namna anapenda. Avunje hata kabati.”

“Basi tukule.”

Ni akili ya mama yangu ile, imeruka miaka yote ikaangukia kwenye mudomo wa mutoto.  Bibi angekuwa na jibu. Bibi alikuwa na miti, ndiyo maana alikuwa na majibu. Mwaka mubaya alijua mwaka muzuri unakuja nyuma yake na matawi yake yote. Mimi nikiangalia nyuma ya mwaka huu sioni kitu. Wananiambia niende na wakati. Wakati unakwenda wapi? Hata jirani wa kunisimanga kwenye ua sina, wote wamevuka mupaka. Ningelipa nini nisikie mutu ananiuliza, “Bado unapikia marehemu?” Ningemujibu, na angecheka, na ningejua kwamba kijana wangu hajafa, sababu watu wanamucheka.

Nilipanda kiti. Magoti yalilia yote mawili. Nilivunja nta, nikakwangua ukungu, nikamimina konfitiri ya kijana wangu kwenye sufuria ndogo, na maji, na ndimu. Moto wa jiko la mbabula ulikuwa wa makala chache za mwisho, nilizipuliza kama mugonjwa. Mutoto alisimama karibu, anameza mate. Nilikoroga. Sikuonja. Njia ilipofunguka chini ya sufuria, haikufungika tena kabisa, maana hakukuwa na kitu kingi cha kuifunga.

Nilimupa maji ya sufuria. Alikunywa yote, akalamba kikombe, akauliza kama kesho tutapika tena.

Chupa ya zamani ilikuwa kubwa mno sasa. Nilitafuta ndani ya nyumba yote, nikapata ile ya dawa ya kikohozi ya mutoto, nikaichemsha, nikaijaza. Ilitosha. Nimeifunga na nta ileile, nimeirudisha juu. Ukisimama mulangoni hauioni, lazima ujue iko pale.

Na leo asubuhi, nikifagia, nilikuta chini ya kitanda kichupa cha mafuta ya manukato, kilichokauka zamani, hakipiti kidole. Nilikishika nitupe. Sikukitupa. Nimekiosha, nimekiweka kwenye dirisha kikauke.