Ukaanza na Mbuzi

Siku niliyofika nyumbani Kikoneni nikakuta kitanda cha shangazi yangu kimetolewa nje, mwanangu, naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Godoro limekunjwa na kufungwa kamba, na kuku wameshapanda juu. Shangazi Mwanatumu mwenyewe hakuwepo. Ndugu zake walikuwa wamemfukuza jana yake, baada ya swala ya Ijumaa, kwa kauli moja, kana kwamba wanapitisha jambo la kheri.

Kosa lake lilikuwa mbuzi. Mbuzi wa baba mkubwa walikuwa wakifa, leo huyu kesho yule, tumbo limevimba na povu mdomoni. Zamani hizo, na hata sasa msijifanye wajanja, kitu kikiharibika kwetu swali la kwanza huwa ni nani. Shangazi alikuwa mjane aliyerudi kwao, hana mtoto, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Tena mbuzi walipokula mchicha wake alikuwa amepiga kelele, "Mbuzi hawa, iko siku watanitambua!" Basi. Neno la hasira likaletwa kikaoni kama ushahidi, na watu wakainuka kabla hata birika la chai halijakwisha.

Mimi wakati huo nilikuwa kijana, nafanya kazi ya ufundi katika hoteli moja kule Galu. Mkubwa wangu alikuwa fundi Mutua, mtu wa bara, mdomo mchafu lakini roho safi. Pampu ikikataa, sisi vijana tulikuwa wepesi wa kutaja nani aliyeishika mwisho. Yeye alikuwa akitufokea, "Wachana na nani! Niambie ilianza lini, na siku hiyo ni nini mlibadilisha!" Nilijifunza kazi kwa maswali hayo mawili, nikajiona mtu mwenye akili.

Nikaamua kuyatumia nyumbani. Niliomba ruhusa kazini, nikauliza huku na huku. Mbuzi wa jirani, wanaokunywa maji yale yale, walikuwa wazima. Wa kwetu walianza kufa pale baba mkubwa alipovuna muhogo wa mbegu mpya aliyoletewa na rafiki yake, akawatupia majani na maganda zizini kama alivyozoea. Kumbe mbegu ile ilikuwa ya muhogo mchungu. Nikayazuia majani yale yasiingie zizini, nikangoja, na vifo vikakoma. Bwana mifugo alipopita akasema ndivyo, majani ya muhogo ule yakishanyauka ni sumu kwa mbuzi.

Nilipomweleza baba mkubwa alitikisa kichwa. "Kumbe," akasema. "Basi atarudi akitaka." Muhogo wote aliung'oa siku ile ile kwa mikono yake mwenyewe. Lakini kumfuata dada yake, hakwenda.

Nikaenda mimi. Shangazi alikuwa Msambweni, akilala katika jiko la rafiki yake na kusuka makuti ya kuuzia mahoteli. Nilikwenda kifua mbele, sikufichi. Nilijiona nimebeba zawadi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

Nikamwaga habari yote, muhogo, majani, bwana mifugo. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuinua macho kutoka kwenye kuti lake.

"Umefanya kazi nzuri," akasema. "Lakini hebu niambie, Hamisi. Tangu nitolewe nyumbani, wewe umekuja kunitazama lini?"

"Leo, shangazi."

"Leo. Mbuzi walikuwa wameshakufa. Mimi nilikuwa hai, nalala jikoni mwa watu, naamka kabla ya mwenye nyumba nisije nikamchosha. Ukaanza na mbuzi."

Niliona haya, mwanangu, haya ya kutamani ardhi inimeze. Ili nisikae kimya nikamwambia kwamba baba mkubwa amesema arudi. Akacheka kicheko kibaya.

"Nirudi kwa sababu ya majani ya muhogo? Na mwakani mtoto akipata homa, na majani hakuna, itakuwaje? Ndugu zangu tumenyonya ziwa moja, na iliwachukua jioni moja tu kuniita mchawi. Hicho ndicho kilichoharibika kwetu, na hicho hujakigusa."

Hakurudi. Alifia Msambweni, ndugu zake wakaenda kumchukua, wakamzika nyumbani kwa heshima kubwa. Baba mkubwa alilia kuliko wote. Nilimtazama nikamchukia, na mpaka leo, Mungu anisamehe, nikimwombea dua huomba kwa ulimi tu.

Ninakwambia haya kwa sababu juzi nimesomewa mliyoyaandika kwenye kundi la familia. Kisima chenu cha huko Kinondo kimegeuka chumvi, na tayari mmeshataja jina la mzee wa watu, tena na picha yake mmeiweka. Umesoma, una simu ya maana, na bado unauliza nani! Maji yalianza kubadilika lini? Ni nani aliyechimba karibu yenu, ni hoteli gani imeweka pampu kubwa? Hayo yaulizeni, lakini si leo. Leo nenda kwa yule mzee. Kaa naye, watu wakuone umekaa naye, na kama amehama nyumba, mrudishe kwanza. Maji yatangoja. Na siku mtakapojua kilichoharibu kisima, waliomtaja waende mlangoni kwake wakamwombe radhi kwa sauti ile ile waliyomtajia. Msije mkasema, "Atarudi akitaka." Neno hilo nimelisikia, na najua lilizaa nini.

Mungu akupe akili ya kutafuta chanzo cha mambo, na akupe moyo wa kumtafuta mtu kabla ya chanzo. Akulinde usiwe mwepesi wa kutaja. Na ikitokea siku jina lako wewe likaletwa kikaoni, akujaalie walau mtu mmoja katika ukoo huu atakayekuja kwako siku hiyo hiyo, hata kama bado hajui kilichoua mbuzi.