Subili Kidogo

Kwa miaka miwili Priska, Mnyiha wa kijiji cha Iyula, alijenga programu ya kuwaonyesha madereva wa malori zamu yao mpakani Tunduma, kwenye kompyuta na simu za kila aina. Aliijaribu hadi kwenye simu ya mama yake yenye kioo kilichopasuka. Mwenzake Uledi, mzaliwa wa Tanga, kazi yake ilikuwa kutafuta wateja na kumcheka Priska kwa ulimi wake wa Kinyiha: "Dada, ni subiri, si subili!" Priska akarekebisha kurasa zote, akasahau mmoja, ule unaotokea mtandao ukikatika.

Siku ya uzinduzi Uledi alisimama peke yake mbele ya wasafirishaji. "Kila herufi humu nimeiandika kwa mkono wangu," alisema. Uongo mkavu, mchana kweupe! Priska alikuwa amekaa kwenye kiti cha nyuma kabisa.

Ghafla mtandao ukakatika. Ukutani, programu ilipokuwa ikimulikwa, yakajitokeza maneno makubwa: SUBILI KIDOGO. Ukumbi ukaangua kicheko.

Uledi hakubabaika hata kidogo. Akamnyooshea Priska kidole.

"Hiyo tu ndiyo kaandika yule dada."