Mbao za baba mukwe

Minye nimezeeka, lakini hasira ya jambo hili haijapoa.

Wakati wa rebelio, ile vita ya waasi, ndugu wa mume wangu walitukimbilia Nyamianda kutoka Lubarika. Nguo zao zote nilifua minye, na shingo ilikaribia kuvunjika kwa kubeba beseni toka mtoni. Nikaamua kujitengenezea kigari cha kusukuma. Nyuma ya jikoni kulikuwa mbao nne nzuri, zimekaa bure. Zilikuwa za baba mukwe. Majina ya wote nayakumbuka, ila lake silitaji hata leo, maana mukamwana hataji jina la baba mukwe wala hamuulizi kitu uso kwa uso. Nikamuuliza mume wangu, Yohana. Akajibu huku akishona wavu wake, "Chukua tu!" Nikazikata kwa musumeno, nikachonga magurudumu kwenye gogo, nikapigilia misumari. Kikatembea! Nikaringa.

Siku ya kwanza, nikitoka mtoni, kamba niliyokizuilia ikakatika kwenye mteremko. Kigari na nguo zangu kikakimbia mpaka kwa wazee waliokaa kwa jirani yetu Zakaria, kikagonga kiti cha baba mukwe. Akainama, akapapasa mbao.

"Weye mukamwana," akasema polepole, "hii iko sanduku yangu ya kuzikiwa. Mbao hizi niliziweka ili nisizikwe katika mukeka."

Nani alinieleza? Hakuna hata muntu mmoja! Wazee wakavua kofia kama mbele ya maiti, na nguo zangu za ndani zilikuwa juu ya mbao zile, zikidondosha maji pale kichwa cha baba mukwe kingelala.