Mzigo wa Majani Kutoka Msitu wa Mbizi

Hakuna kitu cha nchi hii kinachoweza kunishangaza. Nasema wazi, na watu wa Sumbawanga wanaonijua hawatabisha. Shule niliiachia darasa la nne, nikaanza na baiskeli ya kutembeza dagaa, na sasa nina lori la tani saba na nyumba ya bati hapa Izia. Nimelala chini ya lori porini Mtowisa, fisi wakinizunguka kama askari wa zamu. Nimepita Mwimbi masika, wakati wenye magari mapya wamegeuza wakarudi kwa wake zao. Na tangu biashara ilipoachiwa huru, mtu akaweza kununua gunia bila kuuliza ofisi yoyote, nimebeba kila kinachobebeka.

Safari hii niliikubali kwa sababu ya matairi. Yale ya nyuma yalikuwa yameisha mpaka nyuzi zinachungulia, na msimu wa mpunga wa Mtowisa ulikuwa unakuja. Ndipo akaja nyumbani dada mmoja, Rehema, mwalimu wa mimea katika chuo cha mbali. Alitaka lori la kumpeleka kwenye hifadhi ya msitu wa Mbizi, akusanye mimea, kisha limrudishe mjini na mzigo wake.

“Nitakulipa kwa siku, mzee Teodori,” akasema, akataja hela.

“Kwa siku mnatupunja sana. Mimi nalipwa kwa gunia, na dizeli natia mwenyewe.”

“Kwa gunia? Una hakika?”

“Dada, nilikuwa nabeba mizigo wewe hujajua kusoma.”

Aliniangalia kidogo, akakubali. Akaongeza kwamba mwaka uliopita alikusanya Mbizi hiyo hiyo, lori likanyeshewa njiani, mimea yote ikaota ukungu. Safari hii akirudi mikono mitupu, kazi yake anapewa mwingine. Mimi nilikuwa napiga hesabu ya lori zima limejaa miti, magunia sabini kwa uchache. Sikumsikiliza sana.

Tuliondoka Jumatatu alfajiri, baridi ile ya Ufipa inayoingia mpaka kwenye meno. Mama Anna, mke wangu, alitupa viazi vya kuchemsha na maneno mawili: “Usijifanye kijana.” Barabara ilikuwa tope jekundu. Kwa mguu mtu angetutangulia, na kweli walitutangulia, kina mama wenye mizigo kichwani, wakacheka.

Mchana tulifika kijiji cha mwisho. Pale alitungoja bwana miti, Dismas, kijana wa Kifipa mwenye mabuti makubwa kuliko miguu yake.

“Shikamoo mzee. Lori linaishia hapa.”

“Marahaba. Linaishia hapa kwa nini?”

“Kwa sababu msitu hauna barabara. Tunapanda kwa miguu.”

Nilitaka kubaki na lori langu, lakini nikawaza: nikibaki, nani atahakikisha wanachukua mimea mikubwa? Nikapanda. Mgongo wangu haujanisamehe mpaka leo.

Kwanza ni majani matupu ya mlimani, upepo unayalaza huku na huku. Katikati ya majani Dada Rehema alipiga magoti mbele ya ua la zambarau, lenye madoa kama shanga. Akachimba taratibu, akainua mzizi: viazi viwili vidogo, kimoja kimenyauka, kimoja kigumu.

“Hiyo ni chikanda!” nikasema. “Hiyo wanakula Wazambia. Nimeipeleka mpakani magunia na magunia.”

“Basi ua lake unalijua.”

Miaka yote hiyo nilidhani ile ni kama karanga, kitu cha gunia tu. Akanieleza kwamba kile kigumu ndicho mmea wa mwaka ujao. Anayekila kile amekula shamba zima. Nikasema kwa sauti kwamba haya ninayafahamu, tukaendelea.

Tulipoingia msituni palikuwa giza la ukungu. Miti imevaa ndevu za kijani na kila unachoshika kinatoa maji. Ndege mmoja aliruka mbele yetu, mwili wa kijani. Alipofungua mabawa, ndani yalikuwa mekundu kama kidonda. “Kulukulu,” akasema Dismas. Kisha matawi juu yetu yakaanza kutikisika, mbega wakapita, lakini si wale weusi kwa weupe. Hawa walikuwa wekundu wa kutu. Mama mmoja alisimama kwenye tawi, mtoto amemganda tumboni, akanitazama kama mimi ndiye niliyepotea.

“Mwangalie mkono,” Dismas akaninong’oneza. “Hana dole gumba.”

“Anashikaje sasa?”

“Kama ndoano. Mzee umeishi Sumbawanga miaka mingapi?”

“Thelathini.”

“Na hawa wapo hapa juu ya kichwa chako siku zote.”

Siku ya pili na ya tatu zilikuwa kazi na kuchoka. Dada Rehema hakuchukua mti hata mmoja. Tawi hapa, ua pale, anayalaza kwenye magazeti ya zamani, anabana kwa fito, anakaza kamba. Kila jioni anafungua yote, anabadilisha magazeti yaliyolowa, anayapitisha juu ya jiko la mkaa. Mimi nilimwonyesha magogo. “Dada, na huu nao ni mmea!” Akacheka mpaka akakaa chini.

Siku ya tatu tulikuwa kwenye ukingo, pale nchi inapoanguka na bonde la Rukwa linaonekana chini linang’aa kwa joto, sisi tunatetemeka juu. Niliteleza. Nikashuka kwa makalio, nikadaka shina la mmea mmoja, likanizuia. Dada Rehema akaja mbio.

“Usiachie!”

“Siachii! Nipe mkono!”

“Mkono subiri. Usiling’oe hilo ua!”

Lilikuwa ua dogo, jekundu na njano, limekunjwa kama kiatu cha mtoto mchanga. Aliligeuza, akafungua vitabu vyake, akavifunga. Akasema hajaliona ndani ya chochote alichokuja nacho. Akachukua kipande cha karatasi, akaandika, akanisomea: aliyekusanya, Teodori, dereva.

“Futa dereva. Andika mwenye lori.”

Akafuta, akaandika. Akaniambia karatasi ile itakaa kabatini na ua lake hata baada ya sisi wote kufa, na watu watakuja kuisoma. Usiku ule miguu ilinivimba lakini nililala vizuri.

Alhamisi tulishuka kijijini. Dismas akaazima mizani ya mahindi, akaning’iniza mafungu yote ya magazeti. Mshale ulipanda kidogo ukachoka kama mimi. Mafungu ishirini yanayojaza kitanda, na uzito haukutimia gunia moja!

“Mzee, hongera,” akasema Dismas. “Gunia moja kasoro.”

Kijiji kizima kilicheka. Dada Rehema akataka kunilipa kwa siku, kama alivyosema mwanzo. Nikakataa, neno langu ni neno langu. Badala yake nikatoa akiba ya matairi, nikanunua magunia ishirini ya mahindi pale pale, maana wakati huo wa njaa mjini yalikuwa na bei nzuri. Nikajiona mjanja tena.

Mvua ilitukuta katikati ya njia, nzito, haina dalili ya kuisha. Lori likazama tope mpaka ekseli. Mafungu manne yalienea kabini, juu ya mapaja yetu. Kumi na sita yalibaki nyuma na mahindi. Nilikuwa na turubai moja, limechoka. Ukilitandaza lote linafaa mahindi, maana linavuja matone tu, lakini tone moja kwenye magazeti ni ukungu. Ukilikunja mara mbili halivuji, ila linatosha eneo la kitanda tu.

Dada Rehema alinitazama kwenye maji. “Funika mahindi yako, mzee. Ndiyo mali yako.” Sauti yake ilikuwa imekufa.

“Mzee, mahindi!” Dismas naye, aliyeomba lifti mpaka mjini, akapiga kelele.

Nililikunja mara mbili, nikayafunika magazeti, nikaketi juu ya ncha ili upepo usilibebe. Tulikaa pale mpaka kesho yake mchana. Ua langu lilikuwa mle ndani na jina langu. Lakini nisiseme uongo, nililifikiria na lile jiko la mkaa, na yule dada anayepitisha majani jioni baada ya jioni kama anayembembeleza mgonjwa.

Magazeti yalifika mjini makavu, Dada Rehema akapanda nayo basi siku ile ile. Mahindi yaliota ndani ya magunia. Mengine niliwauzia kina mama wapika pombe wakafanye kimea, mengine niliyamwaga. Mama Anna aliyahesabu magunia matupu, akayakunja moja moja.

Nilichojifunza ni hiki: mzigo wa msomi haupimwi kwa gunia, chikanda ina ua, na mbega mwekundu anabeba mtoto tumboni. Ukijumlisha bei ya mahindi na dizeli, ukatoa nilicholipwa kwa lile gunia moja kasoro na nilichopata kwa wapika pombe, kuyajua hayo kumenigharimu shilingi sabini na saba elfu na mia nne.