Yowe Lililotoka Kwenye Santuri

Wasomaji, mnisamehe kwa mwandiko huu, na mkikuta herufi imerukwa msicheke sana. Niliishia darasa la saba, naandika polepole. Mbele za watu maneno yananikauka, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mjomba wangu ni fundi redio mtaa wa Mukendo, Musoma mjini. Nilikaa kwake nikilea watoto wake. Mzungu mmoja aliyekuwa kwenye machimbo ya dhahabu Buhemba alipoondoka alimwachia gramafoni ndogo ya betri na santuri chache, ukubwa wa sahani, wimbo mmoja kila upande. Zote za bendi moja. Mjomba aliweka ya kwanza, akasikiliza kidogo, akaitoa.

"Hii ndiyo wanaitaga panki," akasema. "Watu wanagombana na magitaa. Chukua wewe, usinifukuzie wateja."

Mwimbaji ni mwanamke. Anapaza sauti, magitaa yanamkimbiza, naye hakamatwi. Nilisisimka mpaka nywele zikasimama. Nilikuwa sijawahi kumsikia mwanamke akipiga kelele namna ile bila msiba wala wezi.

Bibi alipoanza kuumwa miguu nilirudi kijijini Mugeta kukaa naye. Tuko wawili tu na ng'ombe wake. Jioni moja, ng'ombe wakiingia zizini, niliweka gramafoni dirishani nikaongeza sauti hadi mwisho.

Huku kwetu mwanamke akipiga yowe, kila mwanaume anaacha alichoshika anakuja, hata kama mmegombana. Ndiyo kinga yetu dhidi ya wezi wa mifugo. Wimbo haujaisha, uwanja ulijaa watu wenye marungu na mapanga, wanahema. Jirani yetu alikuwa ameshavuta upinde, mshale umeelekea dirishani.

"Wako wapi?" akauliza.

Nilinyoosha kidole tu kwenye santuri, bado inazunguka.

Bibi akatoka na mkongojo wake. "Hakuna mwizi, wanangu. Ni redio ya huyu mjukuu wangu."

"Sasa bibi, redio gani hiyo inachinjwa?" kijana mmoja akasema, wenzake wakacheka.

Jirani hakucheka. Alishusha upinde taratibu.

"Binti, mimi nilikuwaga nakimbia bila kuuliza. Siku bibi yako akilia kweli, nitasimama kwanza nisikilize kama ni gitaa."

Tangu siku ile santuri ziko chini ya kitanda. Jua likishuka naanza kuogopa, nasikiliza kila tawi linalovunjika.

Juzi fisi aliingia zizini akamrarua ndama. Bibi alipiga yowe mpaka sauti ikapasuka. Mimi nilitupa kijinga cha moto, fisi akakimbia. Uwanja ulikuwa mtupu. Baadaye jirani alitokea. Alikuja akitembea.

Ndama amekufa. Najiuliza ingekuwaje kama wangekuwa wezi wenye mapanga.

Tafadhali niandikieni, ninyi mnaojua Kiingereza. Mimi sikijui, lakini maneno ya nyimbo yamechapwa kwenye jalada, naweza kuyanakili nikayatuma kwa atakayejibu. Nielezeni yule mwanamke anasema nini. Huenda naye alikuwa anaita watu kweli. Kama ni hivyo, nitajikaza niende kwa jirani, nimwambie kwamba siku ile hakukimbia bure, na bibi akilia tena, nampigia magoti, akimbie.